Kilimanjaro: tunaililia barafu, wakati moto ndo unaoubadilisha mlima

Oktoba 11, 2020, ilikuwa Jumapili, moto ulianza pale Whona kwenye njia ya Marangu. Ukiwa umepanda njia hiyo unapajua, ni pale katikati ya kambi za Mandara na Horombo, wageni wanapopumzika na kula chakula cha mchana. Taarifa za mwanzo za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wanapasha chakula cha wageni. Basi, moto wa kupasha chakula tu, ila ulikuwa mwisho wa kiangazi, mimea imekauka na upepo unavuma, na kwa kimo kile (mita elfu tatu na zaidi) hakuna gari la zimamoto linaloweza kukusogelea. Usiku ule watu wa Moshi na Himo waliona mstari mwekundu umelala ubavuni mwa mlima na simu zote zikajaa picha.

Waliopanda kuuzima walikuwa askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, wananchi wa vijiji vya jirani, mamia ya watu, na silaha yao kubwa ilikuwa matawi mabichi, mapanga na majembe. Kazi ile sio ya kuisimulia kirahisi. Unapiga moto wa juu unazimika, unageuka nyuma unakuta unafuka tena, kwa sababu udongo wa kule juu una mboji nene ya majani na mizizi iliyooza nusu, kukikauka moto unaingia chini na kufukuta taratibu halafu unatokea mbele huko ambako hukuutegemea. Ulichukua zaidi ya wiki. Hesabu iliyotolewa baadaye ilikuwa karibu kilomita za mraba 95, yaani asilimia 5 na kitu ya hifadhi nzima.

Halafu ikaja ile sentensi tunayoijua wote, "moto umedhibitiwa", na habari ikaishia hapo. Mimi naona hapo ndo kisa kinaanzia, na ndo maana nimeamua kukiandika kwa kirefu, kwa sababu kilichotokea Whona sio tukio la wiki moja, ni kipande cha mabadiliko ambayo yamekuwa yakiendelea pale mlimani kwa miaka mingi na mengi yake hayapigwi picha.

Chukua barafu kwanza, maana ndo inayoliliwa dunia nzima. Mwaka 1912 barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 12 hivi, ilipofika 2011 imebaki chini ya 2. Inauma, na mimi inaniuma, nani alikulia akiuona mlima ule mweupe halafu asiumie. Lakini mtaalamu wa mimea Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, aliyeufanyia kazi mlima huu kwa miongo kadhaa, alichapisha mwaka 2005 hoja ambayo mpaka leo naona haijawafikia watu inavyostahili: kwamba kiikolojia moto umeubadilisha Kilimanjaro kuliko kuyeyuka kwa barafu, na madhara yake ni makubwa zaidi. Alitumia vipande vya ardhi zaidi ya 1,500 alivyovipima mimea yake mmoja mmoja, akalinganisha na picha za satelaiti za mwaka 1976 na za 2000. Misitu ya Erika iliyofunga, ile ya juu kabisa ya mlima, mwaka 1976 ilikuwa kilomita za mraba 187. Mwaka 2000 zilibaki 32. Soma tena hizo namba. Miaka 24 tu, na hapo hata huo moto wa Whona ulikuwa haujaja bado.

Kwa asiyeujua mlima nieleze kidogo. Ukitoka mashambani kwenye vihamba vya migomba na kahawa unaingia msitu mkubwa, upande wa kusini ni miti mikubwa ya mikulo na jamaa zake, kunyesha ni karibu kila siku na miti imevaa kuvu ya kijani kama zulia na ndevu za mzee (vile vijiuzi vinavyoning'inia) mpaka kwenye matawi. Ukizidi kupanda inakuja misitu ya podo, mti mrefu wa kudumu, juu yake ndo Erika, halafu vichaka, halafu nyasi na yale madude makubwa ya Senesio na Lobelia yanayopendwa na wapiga picha, halafu mawe, halafu barafu. Upande wa kaskazini, kwa Rongai huko, ni kukavu zaidi, huko unakuta mitarakwa, na moto huko umekuwepo tangu zamani.

Sasa Erika ndo mhusika mkuu wa kisa hiki. Ni mti wenye vijani vidogo kama sindano, na una tabia mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza, unawaka vibaya mno, hata ukiwa mbichi, hivyo vijani vyake vikikauka kidogo tu ni kama petroli. Ya pili, haufi kirahisi. Sehemu ya juu inaungua yote lakini shina pale chini usawa wa udongo linabaki na uhai, mvua zikinyesha linachipua upya. Ukitembea kutoka Mandara kwenda Horombo kwenye maeneo yaliyoungua zamani inama uangalie, utaona fimbo za kijivu karibu nyeupe zimesimama wima, hizo ni mashina ya zamani yaliyokufa, na pale chini kwenye kitako cha kila fimbo kuna kichaka cha machipukizi ya kijani, mengi, yamebanana. Mti mmoja uliokuwa na shina moja refu sasa umekuwa kichaka chenye vishina kumi vyembamba.

Hapo ndo swali lenyewe lilipo. Kile kichaka kikiachwa, kikapata miaka mingi bila moto, vishina vinashindana, vichache vinashinda, vinanenepa, vinapanda hadi mita kumi, vinafunga dari, chini kunakuwa na kivuli na unyevu, kuvu inarudi, na kwenye kivuli kile mche wa podo unapata pa kuota. Baada ya muda mrefu sana podo inaipita Erika kwa urefu na msitu unageuka kuwa msitu wa podo. Yaani msitu wa Erika kwa sehemu kubwa ni msitu ambao moto ulipita halafu ukapewa nafasi. Podo yenyewe haina huo ujanja wa Erika, ikipitiwa na moto mkali imekwenda, na Erika inakuja kukaa mahali pake, ndo maana kuna maeneo leo ni Erika tupu ambayo kwa kimo na mvua zake yalipaswa kuwa ya podo.

Lakini moto ukirudi mapema, kabla kichaka hakijawa mti, hesabu inavunjika. Kinaungua tena, kinachipua tena lakini dhaifu zaidi, akiba iliyo kwenye kitako inapungua. Ukija mara ya tatu mashina mengine hayainuki kabisa na nyasi zinaingia kati, na nyasi zikiingia zinakauka kila kiangazi na kuwa kuni tayari. Msitu umekuwa kichaka, kichaka kinakuwa nyasi na maua makavu. Hakuna siku moja ambayo utasema leo msitu umekufa. Umekufa kwa kukosa muda.

Kwa hiyo ninapoona taarifa inasema kilomita za mraba 95 zimeungua, mimi swali langu la kwanza ni hili: hapo palipoungua, mara ya mwisho paliungua lini? Kama ni miaka sitini iliyopita ni habari moja. Kama ni miaka ishirini na kitu ni habari nyingine kabisa, hata kama eneo ni dogo. Mwaka 1996 na 1997 ulikuwepo ukame mkali na moto ulikula maeneo makubwa sana ya Erika mlimani, na ukihesabu kutoka 1997 mpaka 2020 unapata miaka 23. Popote ambapo moto wa 2020 ulipita juu ya makovu ya 1997 ulikuta vichaka ambavyo havijawa misitu. Kwangu mimi ramani ya wapi moto umepita mara mbili ina uzito kuliko jumla ya kilomita zote, na sijawahi kuona gazeti linaiulizia.

Kuna kitu kingine Hemp alikionyesha kinachokwenda kinyume na tunavyofundishwa. Tunaambiwa dunia ikipata joto mimea itapanda juu mlimani kufuata ubaridi. Inaleta maana ukiisikia. Kilimanjaro kilichotokea ni kinyume, mpaka wa juu wa msitu umeshuka, tena kwa mita mia kadhaa. Kwa sababu joto na ukavu vimekuja na moto, na moto unafanya kazi haraka kuliko mche unavyokua. Mche wa mti kule juu kwenye baridi ya usiku unakua kwa kujivuta, unahitaji miongo, moto unahitaji mchana mmoja. Ukijumlisha na msitu uliofyekwa upande wa chini kwa ajili ya mashamba na mbao, Kilimanjaro ndani ya miaka 70 ulipoteza karibu theluthi moja ya msitu wake. Juu moto, chini panga, na msitu upo katikati unabanwa.

Sasa kwa nini mtu wa Hai au Simanjiro au hata Korogwe ajali kuhusu vichaka vya mita elfu tatu? Maji. Ile misitu ya juu haitegemei mvua peke yake. Wingu linapopita mlimani kila siku mchana, ule ukungu, linagonga vile vijani vya sindano na zile ndevu na kuvu, matone yanakusanyika, yanadondoka chini. Simama chini ya Erika kubwa kwenye ukungu, mvua hainyeshi kabisa na wewe unalowa, chini ya mti tope, hatua mbili pembeni kwenye uwazi udongo mkavu. Ni maji ambayo bila mti yangepita tu angani na kwenda zake. Ndo maana Hemp aliweka mkazo kwenye kilomita za mraba 150 hivi za misitu ya mawingu zilizopotea kwa moto ndani ya miongo mitatu, maana hizo ndo zilikuwa hodari kuliko zote kwa kukamata ukungu. Nyasi zilizochukua nafasi yake hazina hiyo kazi.

Watu wengi wanadhani mito ya Kilimanjaro inatoka kwenye barafu. Hapana, maji mengi yanatoka kwenye mkanda wa msitu. Barafu mchango wake ni mdogo sana ukilinganisha. Mifongo ya Wachagga iliyochimbwa na mababu na inayomwagilia vihamba mpaka leo, chemchemi za chini, mto Pangani wenyewe na bwawa la Nyumba ya Mungu, vyote vinauangalia msitu. Ndo maana nasema tumeelekeza machozi sehemu isiyo yenyewe. Barafu ikiisha tutapoteza uzuri na historia, na ni hasara kweli kweli. Msitu wa juu ukiisha tunagusa maji ya kunywa na ya kumwagilia.

Na hali inajilisha yenyewe. Msitu uliofunga unatunza unyevu wake, ndani ni baridi na tulivu, moto ukiingia mara nyingi unazimika wenyewe. Ukishafunguka jua linafika chini, upepo unaingia, mchana kunakauka, usiku umande unaganda na kuua miche michanga, ukungu haukamatwi tena, kwa hiyo eneo lile linakuwa kavu kuliko lilivyokuwa hata kama mvua haijabadilika. Kavu zaidi maana yake linawaka kirahisi zaidi. Mahali palipoungua panauita moto unaofuata. Msitu ulioponea mara nyingi ni ule wa makorongoni, kwenye mabonde marefu yenye unyevu ambako miali haishuki, na hivyo vipande vya makorongo ndo benki ya mbegu ya upande mzima wa mlima. Vikipotea hivyo hata ukiacha miaka mia bila moto podo itatoka wapi?

Kuna watu watasema moto ulikuwepo tangu zamani, na wana haki, ulikuwepo. Karibu na Mandara kuna kreta ya Maundi, wageni wengi wanapelekwa hapo kuangalia mandhari na kurudi, ni mwendo mfupi. Wanasayansi walitoboa tope la kreta ile na kusoma chavua na vipande vidogo vya mkaa vilivyohifadhiwa ndani, tabaka kwa tabaka, wakarudi nyuma kama miaka 90,000. Tope linaonyesha misitu imekuwa ikipanda na kushuka: nyakati za ukavu na ubaridi Erika na nyasi zilishuka chini, nyakati za mvua msitu mrefu ulirudi juu. Mkaa umo. Kwa hiyo mlima huu unaujua moto, na Erika isingekuwa na kile kitako kinachochipua kama isingezoeana na moto kwa vizazi na vizazi.

Ila tofauti ni mbili na ni kubwa. Zamani mabadiliko yale yalichukua maelfu ya miaka, mimea ilipata muda wa kuhama. Na zamani msitu uliposhuka chini ulikuwa na pa kushukia. Leo ukishuka unakutana na vihamba, barabara, nyumba, mashamba ya miti ya serikali ya misonobari huko Rongai na West Kilimanjaro. Kwa hiyo mtu akisema "moto ni asili" mwambie ndiyo, lakini asili ile ilikuwa na nafasi na muda, na hivi viwili sasa havipo.

Kuhusu nani anawasha, hapa huwa tunapenda kumtafuta mmoja wa kumsukumia. Mrina asali anatajwa sana, na kweli wanaofukiza nyuki kwa moshi porini wamekuwa chanzo kikubwa, moja ya vyanzo vinavyojulikana zaidi. Majangili wapo. Wachoma mkaa wapo. Wapagazi na kambi za watalii wapo, Whona ni ushahidi. Mimi siamini kwamba kumkamata mrina asali mmoja kunamaliza tatizo, kwa sababu cheche zilikuwepo miaka yote, kilichobadilika ni kwamba sasa cheche inadondoka kwenye mlima mkavu zaidi na wenye nyasi nyingi zaidi. Vyote viwili vinahitaji kushughulikiwa, na cha pili ndo kigumu.

Na hapa lazima niguse siasa ya mipaka, hata kama wengine hawapendi. Msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa hifadhi ya misitu mwaka 1921, ukawekwa ule mkanda wa nusu maili mwaka 1941 kwa ajili ya mahitaji ya wananchi, kuni, mbao, majani ya mifugo. Hifadhi ya taifa ikaja 1973, ikianzia juu ya msitu, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 1987, na 2005 msitu wenyewe ukaingizwa ndani ya hifadhi. Kwa upande wa uhifadhi ilikuwa hatua nzuri, ukataji ulipungua na sehemu za chini zimeanza kupumua. Lakini mwananchi ambaye babu yake aliingia msituni kama kwake sasa ni mvamizi, na mtu huyo huyo ndo unayemwita saa nane usiku aje na tawi kuzima moto. Wanakuja! 2020 walikuja. Ila uhusiano huo ukiulisha kwa faini tu kuna siku utawaita na hawatakuja, au ataona moshi asubuhi na asimwambie mtu. Mtu wa kwanza kuona moshi daima ni mwanakijiji.

Oktoba 2022 ikawa tena. Safari hii moto uliibuka tarehe 21 karibu na kambi ya Karanga, kimo cha kama mita 4,000, upande wa kusini, ikabidi mpaka jeshi lipande. Angalia mfululizo: Oktoba 2020, Oktoba 2022. Mwezi ule ule, mwisho wa ukavu kabla ya vuli, na ndo mwezi ambao wageni bado ni wengi njiani. Kama kuna jambo moja rahisi kabisa la kufanya ni kuuchukulia huo mwezi kama mwezi wa hatari rasmi: hakuna moto wa wazi hata mmoja juu ya msitu, majiko ya gesi tu na yatumike sehemu zilizosafishwa mpaka udongo, doria ziongezwe, na vifaa viwe tayari viko Mandara, Horombo na Karanga badala ya kupandishwa mgongoni moto ukishawaka.

Lakini hiyo ni kuzuia. Kwa pale palipoungua kazi ni ngumu zaidi kwa sababu kwa nje inafanana na kutofanya kitu. Mara baada ya moto huwa kunakuja wazo la kwenda kupanda miti, watu wanavaa fulana, wanapiga picha na miche. Sina ugomvi na nia yao. Ila Erika haihitaji kupandwa, vitako vyake vipo na vinachipua vyenyewe, ukiwapeleka watu mia tano kukanyaga udongo ulioungua unaharibu zaidi. Kinachohitajika ni moto usirudi pale kwa miaka arobaini, hamsini, zaidi. Hiyo ndo ahadi ngumu, maana hakuna sherehe ya kutoungua. Bajeti ya doria inaombwa kila mwaka kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea, na mkubwa yeyote mwenye haraka ataikata.

Ningependa kuona hifadhi inatoa hadharani ramani moja: kila eneo la mlima na mwaka lilipoungua mara ya mwisho, na rangi tofauti kwa palipoungua mara mbili au tatu tangu 1976. Picha za satelaiti za kufanyia kazi hiyo zipo na nyingi ni za bure. Ramani hiyo ingetuonyesha ni korongo lipi bado lina podo na linahitaji kulindwa kwa nguvu zote, ni vichaka vipi viko nusu ya safari kurudi kuwa misitu, na wapi tayari tumeshapoteza. Ingewasaidia hata waongozaji kuwaeleza wageni wanachokiona, maana sasa hivi mgeni anapita kwenye zile fimbo nyeupe juu ya Mandara anaambiwa ni mimea ya kimo hiki, wakati anapita katikati ya msitu uliokuwepo. Msitu wa Whona una miaka michache tu tangu uungue 2020, machipukizi yake bado ni ya kufika kiunoni, sehemu nyingine hata hayajafika hapo, na ili yawe miti tunahitaji Oktoba nyingi mfululizo zipite bila mtu kupasha chakula kwenye nyasi kavu.